Mcheza Kwao Hutunzwa: Pumbao la Garsen na la Miji ya Watalii

Kila Idi ikikaribia, matatu ziondokazo Garsen kwenda Malindi hujaa vijana. Ukiwauliza waendako, hukujibu kwamba wanakwenda kustarehe, kwani Garsen hapana kitu. Neno hilo nimelisikia vibarazani, nimelisikia sokoni, na hata kwa watu wazima ambao wangepaswa kulikanya. Leo nataka kulipima, maana neno likisemwa mara nyingi bila ya kupimwa huishia kuaminiwa, na mtu akiamini kuwa kwao hapana kitu, hawezi kupaonea uchungu.

Garsen si mji mkubwa. Ni mji wa njia panda katika kaunti ya Tana River, kiasi cha kilomita 110 kutoka Malindi, na mwendo unaokaribia huo kufika Mokowe, mahali pa kupandia mashua ya kwenda Lamu. Njia nyingine yapanda juu kuelekea Hola na Garissa. Kwa hivyo mkaazi wa Garsen anaishi katikati ya miji miwili ambayo watu wa mbali hupanda ndege kuja kustarehe ndani yake. Kushoto kwake pana taa za Malindi, kulia kwake pana Maulidi ya Lamu, naye yuko ukingoni mwa mto, na mabasi yanampita kila siku yakitimua vumbi.

Mimi nimekaa Garsen, nimekaa Malindi, na Lamu nimekwenda mara nyingi kwa ajili ya Maulidi. Katika kuilinganisha miji hii sitahesabu tu kila mji una mapumbao mangapi. Tukihesabu hivyo, Garsen imekwisha kushindwa kabla mchezo haujaanza. Nitauliza swali jingine: pumbao hilo ni la nani?

FARAGHA NI NEEMA

Kabla sijakwenda mbali, najua wako watakaosema kwamba Mwislamu hana haja ya kuzungumzia starehe. Hao nawakumbusha mambo ambayo wameyasikia darasani. Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alisimama nyuma ya Mtume (s.a.w.) akiwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, wala Mtume hakumharakisha mpaka aliposhiba kutazama. Mtume alishindana naye mbio. Na sahaba Hanzala alipojiona mnafiki kwa kuwa moyo wake hubadilika akiwa nyumbani na wanawe, alielezwa kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile.

Lakini tulifundishwa vile vile kwamba ziko neema mbili ambazo watu wengi hupunjika ndani yake, nazo ni siha na faragha. Basi faragha ni mtaji. Kijana asiye na la kufanya baada ya alasiri ana mtaji mkononi, na swali ni nani atakayemsaidia kuutumia, au nani atakayemnyang'anya.

MALINDI: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE?

Twende kwanza Malindi. Hapana shaka mji huo una mengi. Upo mnara wa Vasco da Gama, aliyetia nanga hapo mwaka 1498. Lipo hifadhi la bahari lililotengwa mwaka 1968, ambako mtu hupanda mashua yenye kioo chini akatazama samaki na matumbawe. Karibu na Watamu yapo magofu ya Gedi, mji wa Waislamu wenzetu, wenye misikiti, visima na nyumba za mawe, ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Zipo hoteli za ufuoni, mikahawa ya Kitaliani na kumbi za muziki wa usiku kucha.

Sasa mtazame kijana wetu aliyeshuka matatu kutoka Garsen. Mashua ya kioo ina bei yake. Hoteli ina askari mlangoni ambaye humtazama kwanza viatu. Kumbi za usiku zina mambo ambayo mzazi wake akiyajua hatalala. Basi hutembea barabarani na wenzake, hula chipsi, hupiga picha kwenye simu akiwa na bahari nyuma yake, na jioni hutafuta gari la kurudi. Amekwenda kutazama starehe za watu wengine, akarudi. Ile picha ndiyo faida aliyoipata.

Wala sisemi haya kwa kuwaonea wivu watu wa Malindi, kwani wao wenyewe wako katika hali hiyo hiyo. Wengi huingia hotelini kwa mlango wa nyuma: huyu mpishi, yule mfagiaji, yule mcheza ngoma anayevalishwa majani ambayo babu yake hakuyavaa, ili mgeni apate kitu cha kupiga picha. Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ni ya kweli, na kazi zinazotokana na watalii zimewasomesha watoto wengi. Lakini pumbao lililofanywa kwa ajili ya mgeni peke yake huondoka na mgeni. Mwaka 2014, serikali za Ulaya zilipowaonya raia wao wasije pwani, hoteli zilifungwa moja baada ya moja. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukaja kuzimalizia zilizobaki wazi. Ngoma za hotelini zilinyamaza siku hiyo hiyo, kwa kuwa hapakuwa na mwenyewe wa kuzicheza kwa raha yake.

Nenda Mombasa ukaone kinyume chake. Mji ule una Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno mwishoni mwa karne ya 16, una hoteli za Nyali na Bamburi, una kila kitu. Lakini muulize mtu wa Kibokoni au Majengo jioni ya Jumapili anakwenda wapi na watu wake. Atakwambia Laithausi, pale Mama Ngina, mbele ya mlango wa bahari. Huko watu huketi kutazama meli zikiingia, wakala mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, viazi karai, achari na madafu. Mwaka 2019 serikali ilipatengeneza upya pahali hapo, lakini hapakuanzishwa na serikali wala na hoteli. Palianzishwa na watu waliotaka upepo. Mama wa buibui yuko pale na watoto wake, mzee yuko pale na bakora yake, na mtalii akija huketi vile vile ale muhogo. Watalii wakisita kuja, Laithausi hujaa kama kawaida.

LAMU: WENYEWE KWANZA

Mfano mzuri zaidi ni Lamu. Mji ule uliingia katika urithi wa dunia mwaka 2001, na watalii huusifu kwa nyumba zake, milango yake na punda wake. Lakini siku ambazo Lamu hujaa mpaka watu wakalala barazani ni siku za Maulidi, katika mwezi wa mfungo sita. Asili ya sherehe hizo ni Msikiti wa Riyadha na Habib Swaleh, yule sharifu mwenye asili ya Kingazija aliyewafungulia mlango wa elimu hata watu ambao wakati ule hawakuwa wakihesabiwa na wakubwa wa mji. Aliwaachia na matwari yao. Wale waliokuwa wakipiga ngoma vichochoroni akawaingiza msikitini wamsifu Mtume kwa ngoma hizo hizo, na ijapokuwa wako waliomlaumu, sherehe ikakua mpaka watu wakawa wanakuja kutoka Mombasa, Unguja na Ngazija.

Ukienda leo utaona zefe, utaona goma la wazee na bakora zao, utaona kirumbizi, mbio za punda na mashindano ya kuogelea. Mtalii yupo, anatazama, anapiga picha. Lakini hakuna anayemngoja yeye ndipo aanze. Mtalii asipokuja, Maulidi yasomwa. Na kwa sababu yasomwa asipokuja, ndiyo maana yeye hutamani kuja. Hii ndiyo maana ya methali yetu kwamba mcheza kwao hutunzwa.

GARSEN: KILICHOPO NA KISICHOKUWAPO

Sasa turudi Garsen, na tuseme kweli bila ya kujipaka mafuta. Baada ya magharibi mwanamume wa Garsen ana baraza, ana kahawa chungu na kashata, ana bao, karata na dhumna. Ana kibanda cha kutazama mpira wa Uingereza kwa shilingi chache, na hapo utasikia watu wakigombana juu ya timu za Manchester na London kana kwamba wamezaliwa huko. Ana meza ya puli. Na ana miraa. Wako vijana ambao faragha yao yote, kutoka alasiri mpaka usiku wa manane, imekwisha katika shavu moja.

Mwanamke je? Yeye ana harusi. Siku za harusi utaona furaha: hina, singo, nyimbo na vigelegele. Lakini baina ya harusi moja na nyingine hana mahali. Baraza ni la wanaume, kibanda cha mpira ni cha wanaume, na ukingo wa mto ni wa kufulia na kuteka maji, tena kwa hadhari. Watu wa Mombasa wamelipa kiingilio miaka mingi huko Nyali ili watazame mamba. Kwetu mamba ni wa bure, isipokuwa ukimwona wapaswa kukimbia.

Watoto wana mpira wa matambara na kiwanja chochote kilicho kitupu, mpaka mwenyewe aje kujenga. Hilo ni pungufu la kweli, na kijana asemaye kwamba Garsen hapana kitu ana haki katika sehemu hiyo ya maneno yake. Kaunti nzima ya Tana River ilihesabiwa watu 315,943 mwaka 2019, na wengi wao ni vijana na watoto. Watu wote hao hawawezi kupumzikia katika vibaraza vya maduka.

MALI ILIYOFUKIWA

Hata hivyo, kukosa mahali si kukosa kitu. Hebu tuhesabu tulivyo navyo.

Kila asubuhi ya sherehe, Mkenya popote alipo husimama wima kwa sauti iliyotoka kwetu. Wimbo wa taifa, uliotungwa mwaka 1963 na kamati iliyokuwa na Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ulichukua sauti yake katika wimbo wa mama wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Nauliza, ni mtoto gani wa Garsen aliyefundishwa jambo hilo akajiona ana kitu?

Chini ya mto, upande wa Kipini na Ozi, ndiko inakosimuliwa habari ya Fumo Liyongo, na huko Kipini ndiko watu waonyeshako kaburi lake. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliiandika habari hiyo kwa utenzi mwaka 1913. Tukumbuke namna shujaa huyo alivyotoka gerezani: mama yake alimpelekea tupa ndani ya mkate, naye akataka ngoma ya gungu ichezwe, na kwa kishindo cha matwazi na vigoma askari hawakusikia sauti ya tupa ikikata pingu. Basi katika hadithi kubwa kuliko zote za Waswahili, ngoma ndiyo iliyomwokoa mtu, na mtu mwenyewe kaburi lake huonyeshwa huku kwetu, kwenye kinywa cha Mto Tana.

Wapokomo wana ngoma ya mwaribe. Walikuwa pia na ngadzi, ngoma kubwa ya baraza la wazee, ambayo haikuwa ya kuchezwa ovyo bali ya mambo mazito. Ngoma hiyo ilichukuliwa wakati wa ukoloni, na tangu mwaka 1908 imo katika jumba la makumbusho la British Museum huko London. Waorma wana nyimbo za kusifu ng'ombe na hadithi za safari za malisho, ambazo mzee akianza kusimulia baada ya isha, chai ya maziwa hupoa kikombeni. Wote hao, pamoja na Wardei, Wabajuni na wengineo, hukutana Garsen siku za soko. Na kila mmoja hurudi kwake na vyake.

Isitoshe, nchi yenyewe ni bustani. Mwaka 2012 delta ya Tana, kiasi cha hekta 163,600, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya majimaji yenye umuhimu kwa dunia. Karibu na Garsen, upande wa Idsowe, ndege wa majini hutaga na kulea makinda yao kwa wingi mno, na wataalamu hutoka mbali kuja kuwahesabu. Maziwa kama Shakababo yana samaki na viboko. Msimu wa maembe ukifika, kivuli cha mwembe na embe lenyewe ni starehe ambayo mtu wa mjini huilipia. Wageni wamewahi kulala katika mahema ya fahari huko kwenye delta kwa pesa nyingi ili waone kile ambacho sisi twakiita hapana kitu.

WASIOKETI PAMOJA

Pengine msomaji atasema haya yote ni mambo ya kupitisha wakati, na kwamba kaunti yenye njaa, mafuriko na ukame ina mambo mazito zaidi. Mimi nasema katika nchi yetu hili ni zito, na sababu yake ni mwaka 2012.

Tarehe 22 Agosti mwaka huo, katika kijiji cha Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa alfajiri moja, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Kisasi kikazaa kisasi. Tarehe 10 Septemba ikafuata Kilelengwani, na serikali ikatoa amri ya watu kutotoka nje usiku. Hata miezi ile ilipokwisha, waliokufa walikuwa wamepita 100. Watu wamezoea kusema kuwa ugomvi ulikuwa wa malisho na mashamba, wa njia za ng'ombe kwenda mtoni, na siasa ikiwa nyuma yake. Ni kweli. Lakini wale waliouana walikuwa wakinunua chumvi katika duka moja, na wengi wao husali wakielekea kibla kimoja. Walijuana kwa kuuziana. Hawakujuana kwa kucheza wala kwa kula sinia moja.

Na amri ile ya usiku ilipotoka, kitu cha kwanza kufa kilikuwa hiki ninachokizungumzia. Hapakuwa na kesha la harusi, hapakuwa na maulidi baada ya isha, hapakuwa na baraza wala kahawa. Kila mtu alijifungia na watu wake, akisikiliza habari za watu wake peke yao. Lamu nayo ilionja amri kama hiyo mwaka 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni. Aliyekaa katika mji usio na usiku ndiye ajuaye kuwa kukaa barazani mpaka saa nne ni alama ya amani kuliko hotuba yoyote.

Kijana aliyecheza mpira na mwenzake wa kabila jingine, wakapigana vikumbo na wakacheka, huwa mgumu kumwinulia panga. Sisemi haiwezekani. Nasema huwa vigumu zaidi, na katika nchi kama yetu, ugumu huo mdogo una thamani ya roho za watu.

TUFANYE NINI

Basi Garsen isijaribu kuwa Malindi. Haina bahari, na haitafaa kujenga kumbi za usiku ili imngoje mgeni ambaye basi lake lapita mbio kwenda Lamu. Ifuate njia ya Lamu na ya Laithausi: ifanye pumbao lake yenyewe, kwa watu wake wote, na mgeni atakayependa ataketi.

Kwanza, uwanja. Kaunti itenge uwanja mmoja wa mpira wenye hati, usioweza kugeuzwa kuwa maduka, na timu zichanganywe kwa mitaa wala zisiwe za makabila. Pili, mahali pa wanawake na watoto, penye miti, viti na taa, ambapo mama ataketi baada ya alasiri bila ya kuonekana amepotea njia. Tatu, maktaba, hata ikiwa ni chumba kimoja, ambamo mtoto atasoma habari za Liyongo na za ngadzi badala ya kuzisikia siku akienda Ulaya. Nne, masheikh na walimu wa madrasa za mji na za vijiji vya mtoni na vya malishoni waandae maulidi moja kubwa ya pamoja kila mwaka, iwe zamu kwa zamu, mwaka huu kwa wakulima, mwaka ujao kwa wafugaji, na pilau ipikwe kwa mchele wa hawa na nyama ya wale. Na wale wasio Waislamu, ambao ni jirani zetu hasa katika vijiji vya chini ya mto, waalikwe kula na kushindana mbio na mitumbwi, kwani jirani ana haki yake.

Hayo hayahitaji mtalii hata mmoja. Yahitaji wazee wakubaliane, na vijana waambiwe kwamba wanatakiwa.

Wazee wetu wanaukumbuka wakati ambapo Garsen haikuwa na daraja, na magari yalivushwa mtoni kwa kivuko kilichovutwa kwa kamba. Mto ukijaa, abiria wa Lamu walingoja ng'ambo, pengine kwa siku kadhaa, wenyeji na wageni wakipikiana chai na kusimuliana hadithi. Leo daraja lipo na lami imefika, hakuna anayengojeana na mtu, na vijana wamepata njia nyepesi ya kuondoka. Kazi yetu ni kuwapa sababu ya kubaki siku ya Idi.